Kivuli cha foromali

Kwa miaka minne betri ya mashua yangu, N70 ya gari, ilisafiri kuliko mimi. Kila baada ya siku mbili tatu inashushwa, mtu anaibeba begani kwenye tope la maji kupwa pale Kilindoni, Mafia, inalala kwa fundi chaji, asubuhi inarudi. Kazi yake wala si kubwa: pampu ya maji ya ngama (yale yanayojikusanya chini ndani ya mashua), taa za usiku, simu za wageni. Ila msimu wa papa potwe, Oktoba hadi Februari, tunatoka na wageni kuwaangalia karibu kila siku. Pampu ikigoma na wageni wanane ndani, utachota kwa ndoo huku unatabasamu.

Sola ya kioo niliikataa mapema. Ya wati 100 inafika kilo saba na fremu yake, na kwenye mashua sijui utaiweka wapi kamba isiikwaruze. Nikanunua ile laini inayopinda, kilo mbili hivi, nikaibandika kwa silikoni juu ya paa la shetri, kule nyuma ya mashua. Ikapendeza!

Siku moja ya kaskazi, saa sita mchana, mita inasoma ampea 5. Tukapiga bisha, yaani tukageuza tanga upande wa pili, na kivuli cha foromali, ule mti unaobeba tanga, kikalala juu ya sola kama fimbo. Ampea 1.

"Nahodha, jua si lile pale? Umeme umekwenda wapi?" baharia wangu akauliza.

Seli za sola zimeungwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo. Mmoja akisimama, ndoo zote zinasimama. Kivuli chembamba tu kinatosha.

Na kosa la pili lilikuwa hiyo silikoni. Sola ikipata joto umeme unapungua, na yangu haikuwa na hewa chini hata kidogo. Msimu uliofuata nikaona doa la kahawia katikati, mita haivuki 3 hata bila kivuli. Sikatai, vijana pia walikuwa wanaikanyaga wakienda kushika usukani. Inapinda, ndiyo, lakini seli zenyewe zinapasuka bila wewe kuona ufa.

Sasa ninazo mbili za wati 50, moja kila ubavu, zimeungwa sambamba: moja ikiingia kivulini, ya pili inaendelea. Nimezifunga kwa kamba kwenye matundu yake juu ya turubai, na chini nimeweka fito za mianzi, maana zikipigapiga na upepo zitapasuka vilevile. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iko ndani, mbali na chumvi, fyuzi iko jirani kabisa na betri. Viungio vya waya napaka grisi, na kila Ijumaa sola zinaoshwa kwa maji ya kisima.

Betri haijashuka ufukweni tangu Julai. Juzi fundi chaji tumekutana msikitini, akanivuta pembeni kuniuliza kama nimeuza mashua.