Jina la Dorothy

Leo nimeshinda maktaba hapa Ohio nikisoma historia ya besiboli, mchezo ambao nilipofika Marekani sikuuelewa hata kidogo. Kilichonivuta ni Profesa Harold Seymour. Utotoni alikuwa akiwashikia magongo wachezaji wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers pale uwanjani kwao, Ebbets Field. Alipokua akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya mchezo huohuo. Hiyo ni 1956, wakati wanazuoni wengi hawakuona michezo kuwa jambo la kusomea! Vikafuata vitabu vitatu: 1960, 1971 na 1990. Maisha mazima, jamani.

Ila si yake peke yake. Mkewe, Dorothy, alipekua magazeti ya zamani pamoja naye miaka yote hiyo, na kitabu cha tatu, mume akiwa mgonjwa, sehemu kubwa aliandika yeye. Jalada halikumtaja. Harold alifariki 1992, na Dorothy alikuja kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi mwenza miaka mingi baadaye, kwa bahati akiwa bado hai.

Nakala niliyoazima ni ya zamani, ina jina moja tu. Kwenye daftari langu nimeyaandika yote mawili.