Namna Nilivyopata Hesabu ya Kalori za Juisi Yangu

Soda nyumbani kwetu iliondoka bila ya ugomvi. Juisi ndiyo iliyotaka kikao. Tunakaa Mpendae, hapa Unguja, na mezani kwetu jagi la juisi halikosekani mchana. Ramadhani, wakati wa futari, ndiyo khasa: embe zikiwa kwenye msimu, pesheni, ukwaju, nanasi, na mabungo kila yanapoletwa kutoka Pemba. Kwa hivyo mshauri wa lishe aliponipangia kalori 1,500 kwa siku ili nipungue uzito, wali, samaki na chapati niliviweza upesi, maana vinahesabika kwa macho na kwa mizani. Jagi ndilo lililonipa kazi.

Nilianza na programu ya simu, kama wengi. Ukiandika "juisi ya embe, gilasi moja", inakuletea majibu chungu nzima: huyu anasema 60, yule anasema 150. Wala hawasemi uongo. Kila mmoja kaandika gilasi yake. Mmoja katia maji mengi, mwengine katia sukari na maziwa. Hakuna hata mmoja aliyeliona jagi langu. Nikaona bora nilihesabu jagi lenyewe, kisha niligawe kwa gilasi.

Mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri inayosoma gramu, niliipata Darajani. Kitu cha mwanzo kuwekwa juu yake hakikuwa tunda, ilikuwa gilasi. Unaiweka tupu, unarudisha mizani kwenye sifuri, unatia maji mpaka pale unapojazaga siku zote. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hivyo mizani inakwambia gilasi yako inachukua kiasi gani. Zetu za kila siku zinachukua 250. Zile za wageni, zenye maua, zinachukua 330. Tofauti hiyo peke yake ni karibu thuluthi ya gilasi, na kwa mtu anayeandika "gilasi moja" kwenye daftari si jambo dogo.

Kijiko nacho nilikipima. Kijiko kikubwa cha sukari kilichosawazishwa kwa kisu kilitoka gramu 12 hivi. Kile kijiko cha kilima, ambacho ndicho kila mtu anachotia, kilikaribia 20. Gramu moja ya sukari ina kalori kama 4. Basi kijiko kimoja ni 50 au ni 80, inategemea mkono wa nani.

Kwa upande wa matunda nilitumia jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililotayarishwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha afya cha Harvard, nikalinganisha na takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani zilizo wazi kwenye intaneti. Namba hazipishani sana, na mimi si mtu wa desimali, kwa hivyo nilizikata ziwe nyepesi kukumbuka. Katika gramu 100 za nyama ya tunda, embe ina kalori 60, nanasi 50, papai 40 na kidogo, tikiti 30. Tango lina 15 tu. Karoti 40. Parachichi 160, na hilo tutarudi kwake.

Neno la kushika hapo ni nyama ya tunda. Kilo ya embe uliyopimiwa sokoni si kilo ya embe inayoingia kwenye blenda. Ukishamenya na kutoa kokwa, kwenye kilo moja ya embe dodo hubaki gramu 600 na kitu, na nanasi likishatolewa maganda na moyo unaweza kubakiwa na nusu tu. Mimi humenya kwanza, ndipo napima.

Sasa jagi la embe, lile tulilolizoea. Nyama ya embe gramu 600, hiyo ni kalori 360. Maji lita moja, sifuri. Sukari gramu 100, kalori 400. Jumla 760. Ikishachujwa inatoka lita moja na nusu, yaani gilasi sita za 250, na kila gilasi ina kalori kama 127. Nililisoma daftari mara mbili. Embe tatu nzima zimeshindwa na sukari isiyojaza hata nusu kikombe! Na soda ya kola, ambayo kwa kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa gilasi hiyohiyo inatoa kalori 105 hivi. Juisi yetu ilikuwa juu yake. Bila ya ile sukari, gilasi ileile ya embe ni kalori 60.

Mume wangu aliposikia alisema, "Lakini mama watoto, hii ni ya tunda, ina vitamini." Ni kweli, inazo, na soda haina. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, sukari iliyomo ndani ya juisi ya matunda imewekwa fungu moja na sukari ya kuongeza na asali. Iliyomo ndani ya tunda zima unalotafuna haimo kwenye fungu hilo. Wanataka fungu lote hilo lisifike asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mpango wangu wa 1,500 hizo ni kalori 150, kama gramu 37 za sukari. Gilasi moja ya lile jagi, ukijumlisha sukari ya embe na ya kijiko, ina gramu 30. Nikinywa moja mchana, chai ya jioni niinywe bila ya sukari.

Kilichonishughulisha zaidi ni chujio. Ukishachuja yanabaki makapi, na akili inakutuma uyatoe kwenye hesabu: si nimeyatupa? Niliyapima, nikakaa nayo nikayafikiri. Sukari huyeyuka kwenye maji, kwa hivyo inapita chujioni pamoja na maji. Kinachokwama ni zaidi nyuzinyuzi, ambazo ndizo zinazoshibisha na ambazo kalori zake ni chache, pamoja na unyevu uliobakia. Unatupa shibe, kalori unazinywa. Basi nikaamua makapi nisiyatoe hata kidogo: najumlisha kila kilichoingia kwenye blenda, kana kwamba chote kimenywewa. Hesabu inazidi uhalisia kwa kiasi kidogo, nami napenda ikosee upande huo kuliko upande wa pili. Embe siku hizi hata sichuji, nasaga laini basi.

Kwa machungwa na karoti njia ni nyengine, kwa sababu hapo hatutii maji, tunakamua. Napima kilichotoka. Maji ya machungwa matupu yana kalori kama 45 katika mililita 100, ya karoti kama 40. Gilasi ya machungwa ni 110 na ushei, hata punje ya sukari haijaingia. Na kuijaza gilasi hiyo unakamua matatu au manne. Hebu kaa kitako uyale yote manne kwa mara moja uone kama utafika mwisho.

Watu huniuliza kuhusu juisi ya mboga, hii ya kijani inayosifiwa sana mitandaoni. Yangu ni hii: tango gramu 300, spinachi 100, tangawizi kipande, ndimu moja, na nanasi gramu 200 ili inyweke. Tango linatoa 45, spinachi 23, tangawizi na ndimu pamoja kama 15, nanasi 100. Ukiongeza maji nusu lita unapata lita moja na zaidi kidogo, gilasi nne, kila moja kalori 46 hivi. Nzuri sana. Lakini tazama nani kachangia: nanasi peke yake limezidi nusu. Nimeona mapishi ya "juisi ya mboga" yenye tango nusu na ndizi mbili na asali, na hiyo tena mboga imealikwa tu.

Juisi ya parachichi mimi nimeitoa kwenye orodha ya vinywaji. Parachichi gramu 200 ni kalori 320, maziwa nusu lita kama 300, sukari vijiko vitano vya kusawazisha 240. Inatoka gilasi tatu nzito na kila moja inakaribia 290. Siku nikiitaka, nakunywa hiyo na chakula cha usiku sili. Stafeli la maziwa nalo liko njia hiyohiyo, ingawa nyama ya stafeli yenyewe ni 66 tu. Tikiti halina maneno, ni 30 kwa 100 na halihitaji sukari wala maji. Dafu bora zaidi, maji yake hayafiki kalori 20 katika mililita 100, na halina cha kuosha baada yake.

Maji ya miwa ya Forodhani siwezi kuyapima, nitaonekana kituko na mizani yangu pale mbele ya mashine. Nayakisia. Miwa hutoa sukari kama gramu 13 hadi 15 katika kila 100 ya maji yake, kwa hivyo gilasi ya 250 naiandika 140, na barafu naihesabu kuwa ni sehemu ya gilasi. Hilo la barafu lina utata wake nyumbani pia. Barafu ikiyeyuka kwenye jagi haipunguzi kalori hata moja. Inaongeza gilasi, na kila gilasi inakuwa nyepesi. Ukigawa jumla yako kwa gilasi sita halafu barafu ikaifanya saba, gawa upya.

Kupunguza sukari hakukuwa kugumu kama nilivyodhani, na kilichonisaidia kilikuwa subira na embe. Embe ikiwa inaiva, wanga wake hugeuka sukari, kwa hivyo utamu unapanda wakati kalori zenyewe hazibadiliki kwa maana. Embe boribo lililoiva mpaka linanukia nyumba nzima halitaki kijiko. Lile lililonunuliwa bado gumu na kusagwa siku hiyohiyo ndilo linalokula sukari. Siku hizi nanunua mapema, nayaacha yafike. Jambo jengine, ubaridi hufifisha utamu ulimini: juisi iliyotoka kwenye friji inaonekana haijakolea, mtu anatia kijiko, wakati ingekaa mezani kidogo ingetosha. Ndimu na tangawizi kidogo pia vinaamsha ladha. Na sukari nimeitoa ndani ya jagi kabisa. Ipo mezani kwenye kopo lake na kijiko kilichosawazishwa. Mume wangu anatia kimoja, watoto wakirudi skuli wanatia wanachokubaliwa, na mimi ninaandika changu tu.

Mabungo ndiyo yaliyobaki, na mabungo ni ya mkwe wangu. Yeye ni mtu wa Wete, Pemba, akija Unguja anakuja na pakacha lake, na juisi hiyo haiguswi na mkono mwengine. Anayapasua, anaziloweka kokwa na nyama yake, anavuruga kwa mkono mpaka maji yanageuka rangi ya chungwa, anachuja, kisha inaingia sukari. Bungo lina ukali, na ukali wake anautuliza kwa nusu kilo kwenye ndoo ya lita tatu. Nilipotoa mizani alinitazama kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, juisi haipimwi, juisi huonjwa."

Nilimwambia, "Ndiyo mama, onja wewe, mimi nipime." Nikazipima kokwa kabla ya kulowekwa na baada ya kuchujwa, tofauti yake ndiyo nyama iliyoingia kwenye maji, ilikuwa kama nusu kilo. Nikaipa kalori 60 kwa gramu 100, sawa na embe, ikawa 300. Hata ningeipa maradufu isingebadilisha picha, kwa sababu nusu kilo ya sukari ni kalori 2,000. Jumla 2,300 kwa gilasi kumi na mbili, kila gilasi 190 na kitu. Kwa hiyo kwangu mimi anabakisha bakuli kabla ya kutia sukari, nayo naiongezea maji na kijiko kimoja, inatoka kali kidogo lakini ni bungo hasa, lenye harufu yake.

Juzi alikuja tena. Alipomaliza kuchuja aliniita jikoni akaniuliza gilasi yake ina ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza akikoroga, mwisho akasema, "Basi nitilie nusu." Nikanyoosha mkono kwenye gilasi za kila siku, akanizuia: nusu yenyewe iwe ya gilasi ya wageni.