Miaka mitatu ya 4

Kwa miaka mitatu mfululizo kwenye faili langu, pale panapoandikwa nguvu za mapaja, imekaa namba moja tu: 4, kwenye kipimo cha 0 mpaka 5. Kulia 4, kushoto 4. Na miaka hiyohiyo mitatu nilianza nikiwa napanda ngazi bila kushika kitu, nikaja kushika reli kwa mkono mmoja, alafu mikono yote miwili, mwisho nikawa napanda upandeupande, mguu mmoja unatangulia kisha unamsubiri mwenzake kila kidato. Kila nikimwambia daktari jamani nimepungua anafungua faili ananionyesha, mbona uko vilevile, mwaka jana 4 mwaka huu 4. Natoka pale najiuliza labda ni uvivu, labda ni mawazo tu.

Nina distrofi ya misuli, ugonjwa unaodhoofisha misuli polepole, ile aina inayoanzia nyonga na mabega. Haya nayaandika kwa ajili ya wenzangu wenye magonjwa ya misuli na neva, na ndugu zenu mnaowasindikiza kliniki, kwasababu ile namba ilinitesa bure na hakuna aliyenieleza inatoka wapi mpaka nilipoanza kuuliza mwenyewe.

Kipimo chenyewe cha 0 mpaka 5 kilitokea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1940, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, na kilitungwa kwa ajili ya watu walioumia neva za mikono na miguu. 0 maana yake msuli hauitiki kabisa. 1 unaona au unahisi msuli umestuka ila kiungo hakijasogea. 2 kinasogea kama uzito wake umebebwa, mfano umelala ubavu na mguu umelazwa kitandani. 3 unaweza kuunyanyua mguu wako mwenyewe ukashinda uzito wake, basi, hakuna zaidi. 4 unanyanyua na mtu akikusukuma unahimili kiasi. 5 ni nguvu za kawaida. Kwa majeruhi kinafaa sana, maana swali lao ni moja, je neva inarudi? Mtu akitoka 0 kwenda 1 hiyo ni habari kubwa, familia nzima inafurahi. Sisi safari yetu iko kinyume, tunashuka kutoka juu, polepole, na karibu miaka yote ya kushuka tunaimalizia ndani ya hiyo 4.

Fikiria paja. Msuli wa mbele ya paja ni mkubwa kweli, kazi yake ni kuubeba mwili mzima ukipanda mlima au ukisimama kutoka kwenye kiti cha chini. Sasa kunyanyua mguu kuanzia goti kushuka chini ukiwa umekaa kitandani kunatumia kipande kidogo tu cha nguvu hiyo. Kwahiyo ukishaweza hilo tu, tayari una 3, na kuanzia hapo mpaka ufikie mtu mzima wa afya, huo uwanja wote unaitwa 4. Mtu anaweza kupoteza nusu ya alichokuwa nacho na faili lisitingishike. Kuna madaktari wanaongeza alama ya kujumlisha au kutoa pembeni ya 4 na nawashukuru kwa kujaribu, lakini hapo inategemea mkono wa anayepima, mpimaji mwenye nguvu atalishinda paja ambalo mwenzake mdogo wa mwili hawezi kulitingisha kabisa, na huyo wa pili kwa nia njema kabisa ataandika 5.

Mambo yalibadilika nilipokutana na dada mmoja wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambaye hakuanza kwa kunisukuma. Alianza na tepu. Akapima kutoka kwenye goti mpaka pale juu ya kifundo cha mguu atakapoweka kifaa, akaandika urefu. Nikamuuliza dada, hii ya nini, akasema kaka, nikiweka karibu na goti leo alafu mwakani nikaweka mbali, namba itabadilika na msuli wako haujabadilika. Hilo mtu yeyote aliyewahi kufungua mlango kwa kusukuma karibu na bawaba analielewa. Ndo maana wapimaji makini wanazidisha nguvu waliyoisoma kwa ule urefu kabla ya kulinganisha.

Kifaa chenyewe ni dainamomita ya kushika mkononi, yaani kipima nguvu, kidogo, kina kiegemeo laini na kioo kinachosoma nguvu uliyosukuma kwa nyutoni au kilo. Hakukishika kwa mkono. Alikifunga kwa mkanda kwenye mguu wa kitanda, kwasababu paja hata likiwa limedhoofika linaweza kuushinda mkono wa anayelipima, na hapo utakuwa umepima nguvu za mpimaji. Akanikalisha, goti limekunjwa pembe ileile atakayoitumia kila siku, mikono nimeikunja kifuani nisijivute na kitanda. Sukuma taratibu, ongeza, ongeza, shikilia, pumzika. Mara tatu, na katikati ananiacha nipumzike kweli sio sekunde mbili. Akaandika zote tatu, akachukua kubwa kuliko zote. Na kuna njia nyingine ambapo mpimaji ndo anasukuma mpaka kiungo chako kinaachia, hiyo mara nyingi inatoa namba kubwa zaidi, kwahiyo ukipimwa njia moja hapa na nyingine kule usikae kulinganisha, utajidanganya au utajiumiza roho bila sababu.

Siku hiyo kulia nilisoma nyutoni 112. Baada ya miezi sita 97. Nilitaka kusema unaona! lakini yeye akanituliza, akasema kaka kipimo hiki kina kuyumba kwake, umelala vibaya, una mafua, chumba kina baridi, namba inashuka, tusubiri ya tatu. Ya tatu ikaja 88. Hapo ndo akasema sasa huu ni mwelekeo. Nililia pale kitandani na sio kwa uchungu wa kupungua, kupungua nilikujua zamani kutoka kwenye ngazi, nililia kwasababu mtu mwingine sasa alikuwa amekiona.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza wenzangu, na nimegundua hata kifaa kizuri kinaweza kudanganya kama hujui ugonjwa unaoupima. Mwenye miasthenia gravis, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka ikitumika, asubuhi ni mtu mwingine na jioni mtu mwingine, dawa ikifanya kazi mwingine tena, kwahiyo namba bila saa ya kipimo na saa ya dozi haina maana, na wanaowajua vizuri wanawaambia nyoosha mikono mbele wanahesabu sekunde mpaka ianguke, maana shida iko kwenye kuchoka zaidi ya ile nguvu ya mara moja. Mwenye distrofi ya miotonia akishika kitu vidole vinagoma kuachia, na akirudiarudia vinalegea, sasa kushika kwake kwa kwanza na kwa tano sio kitu kimoja. Na wale ambao ugonjwa unakula usoni na mabegani, upande mmoja unaweza kuwa umeumwa zaidi ya mwingine, huwezi kusema upande mzima ndo kawaida yake maana huo "mzima" nao unaumwa.

Kwa watoto ndo naomba mnisikilize zaidi. Mtoto wa Duchenne, yaani distrofi ya misuli inayoanza utotoni, mwenye miaka mitano anakua, mifupa inarefuka, na kwa muda kilo anazosukuma zinaweza kupanda mwaka hadi mwaka. Mzazi anafurahi, na ni haki yake kufurahi. Lakini wenzake wa umri wake wanapanda haraka zaidi, na yule mtoto anaachwa nyuma huku namba yake inaongezeka. Ndo maana kwake hawaangalii nguvu peke yake, wanatazama anavyoinuka kutoka sakafuni, kama anajipandia mapaja kwa mikono yake kama alivyoeleza daktari Gowers huko mwaka 1879, na wanahesabu sekunde. Kuna kipimo kinaitwa North Star, kazi 17, kila moja alama 0 mpaka 2, jumla 34, kusimama mguu mmoja, kuruka, kunyanyua kichwa ukiwa umelala chali. Kichanga mwenye SMA, ugonjwa wa neva za uti wa mgongo unaodhoofisha misuli, huwezi kumwambia sukuma, wao wana kipimo chao cha kumtazama anavyojinyoosha na kujigeuza.

Na misuli ya kupumua jamani msiisahau, maana mtu anaweza kuwa bado anatembea na kiwambo cha kifua, ule msuli mkuu wa kuvutia pumzi, kimeshachoka. Omba upimwe mapafu umekaa na umelala, vikitofautiana sana hiyo ni dalili. Omba upimwe na nguvu ya kukohoa, kwa mtu mzima ikishuka chini ya lita 270 kwa dakika wataalamu wanaanza kuzungumzia msaada wa kukohoa, kwasababu mafua ya kawaida yanaweza kugeuka kitu kikubwa.

Mimi sasa natembea na daftari. Naandika tarehe, saa, nimelala vipi, kifaa kiliwekwa wapi, goti pembe gani, nani kanipima. Nikibadilishiwa mpimaji nampa asome kabla hajanigusa, na wengi wanapokea vizuri tu.

Mwezi uliopita nililipeleka kwa daktari wangu, yule wa 4. Akasoma 112, 97, 88, akanyamaza. Alafu akafunga faili akasema twende nje. Tukaenda mpaka kwenye ngazi za jengo, akatoa simu akaweka stopuwochi, akaniomba nipande vidato vinne kama ninavyopanda nyumbani, nishike reli kama nashika. Sekunde kumi na moja. Akaandika, na chini yake akaandika na mikono yote miwili kwenye reli, mguu wa kulia unatangulia.