Nilivyovaa usajini mapema katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Vijana wa kwetu wanaoingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani wakiwa na kadi ya kijani wamekuwa wengi: Wakenya, Wakongo, Watanzania. Wakishamaliza mafunzo ya awali, swali lao la kwanza ni cheo. Mimi nilianza chini kabisa, nikavaa usajini katika kundi la mapema. Ninachoandika hapa ni hatua zenyewe, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa siku ile nilipofika kikosini.

Tuanze na kalenda, maana kuna watu wanasubiri cheo ambacho tayari wangeweza kukiombea. Kwa utaratibu wa kawaida, praiveti huanza ngazi ya E-1, hupanda E-2 akitimiza miezi 6 jeshini, E-3 akitimiza miezi 12 na miezi 4 katika cheo, na E-4, yaani Specialist, akitimiza miezi 24 na miezi 6 katika cheo. Hizo zinakuja zenyewe kama huna kizuizi cha cheo kwenye rekodi yako. Lakini AR 600-8-19, kanuni ya jeshi ya kupandisha vyeo, inamruhusu kamanda wa kombania kukupunguzia muda: E-2 kwa miezi 4, E-3 kwa miezi 6 na 2 katika cheo, E-4 kwa miezi 18 na 3 katika cheo. Usajini una milango miwili pia. Wa kawaida ni miezi 36 jeshini na 12 katika cheo. Wa mapema ni miezi 18 na 6. Chukua tarehe uliyoingia jeshini, hesabu, andika tarehe hizo zote kwenye jalada la ndani la daftari lako. Mwezi mmoja kabla ya kila tarehe, mkumbushe kiongozi wako wa timu. Ana watu wengine wa kuwafikiria, na tarehe yako haiko kichwani mwake.

Na wewe ambaye hujasaini bado, soma hili mara mbili. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kuanza moja kwa moja na cheo cha E-4. Shahada ya Nairobi au ya Dodoma inahesabika, ila lazima kwanza itathminiwe na taasisi ya Marekani inayotambulika kwa kazi hiyo, kwa mfano zile zilizo chini ya muungano wa NACES. Tathmini inagharimu pesa na inachukua wiki kadhaa, na chuo cha nyumbani huchelewa kutuma hati za matokeo. Vijana wengi wanaona shida, wanasaini kama E-1, kisha wanakaa miaka miwili wakikitafuta cheo ambacho cheti chao kingewapa siku ya kwanza. Subiri tathmini. Hakikisha cheo kimeandikwa kwenye mkataba wako. Kauli ya mdomo ya mwandikishaji haitakusaidia ukishafika kambini.

Sasa kiini cha mambo. Kamanda wa kombania ana askari zaidi ya mia na hawezi kuwajua wote. Anayekupendekeza ni kiongozi wa timu, jina linapita kwa kiongozi wa skwadi, kwa sajini wa platuni, kwa sajini mkuu wa kombania, ndipo linafika mezani pake. Kila mahali jina lako linapopita kuna mtu anauliza, "Huyu amefanya nini?" Jibu likiwa "ni mtu mzuri, anajituma," limekufa hapo hapo, maana kila askari ana mtu wa kumsemea hivyo. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kumpa kiongozi wangu jibu lililo tayari, lenye tarehe na idadi.

Nilitumia daftari la kijani la jeshi, lile linalogawiwa stoo. Kila Ijumaa jioni, dakika 10: tarehe, kazi, idadi, matokeo. Tazama tofauti. Mtu anaandika: "Nilisaidia matengenezo ya magari." Hayo hayana uzito wowote. Mimi niliandika: "Nilikagua magari 9 kabla ya zoezi, nikapata uvujaji wa daraja la tatu kwenye magari 2, nikaandika kwenye fomu 5988-E, vipuri vikaagizwa siku hiyo hiyo, magari yote 9 yakatoka kwa wakati." Ili uandike hivyo lazima kwanza uwe umekagua kweli. Unalala chini ya gari na tochi, unapitisha kidole kwenye sili. Ukikuta unyevu tu, ni daraja la kwanza. Tone limejikusanya lakini halianguki, daraja la pili. Linaanguka, daraja la tatu, na hilo ni la kuripoti papo hapo. Askari anayeweka tiki kwenye kila mstari wa fomu bila kuinama anajulikana, maana fomu yake haina kasoro hata moja mwezi baada ya mwezi, na gari la jeshi lisilo na kasoro hata moja halipo.

Maandishi hayo yalikuwa na matumizi mawili. La kwanza ni kikao cha ushauri cha kila mwezi, kile cha fomu DA 4856. Wengi wanasaini na kuondoka. Mimi nilikwenda na mistari mitano kutoka daftarini, nikaomba iingizwe, kisha nikauliza jambo moja tu: "Sajini, nirekebishe wapi ili unipendekeze kabla ya muda?" Akijibu, jibu lake liandikwe kwenye fomu kama lengo la mwezi ujao. Mwezi unaofuata unarudi na lengo limetimizwa, na sahihi yake mwenyewe ipo juu yake. Jambo jingine wasilolijua wengi: ukitimiza muda kamili na sifa zote, kisha usipopendekezwa, kanuni inamtaka kiongozi wako akupe ushauri wa maandishi kueleza sababu. Uombe kwa adabu. Ukishajua sababu, una cha kurekebisha.

Matumizi ya pili ni nishani na vyeti. Pendekezo la nishani huandikwa kwenye fomu DA 638, na fomu hiyo inataka mafanikio mahususi, kila moja kwenye kisanduku chake. Sajini wengi wanaahirisha kwa sababu hawana data. Ukimpelekea maelezo mafupi yenye idadi, nusu ya kazi umeifanya. Cheti cha pongezi kilichotiwa sahihi na Luteni Kanali au mkubwa zaidi kina pointi 5 za kushindania cheo, na vyeti hivyo vinahesabika hadi pointi 20. Nishani ya AAM (Army Achievement Medal) ina pointi 10. Ni pointi ndogo ndogo, lakini cheo kimepotea kwa watu wengi kwa pengo la pointi nne.

Hapa niseme kuhusu malezi yetu, kwa sababu yanatugharimu. Nyumbani mkubwa akiongea unainamisha macho. Jeshini Marekani macho yaliyoinama yanasomwa kama mtu anayeficha jambo au asiyejiamini. Mbele ya sajini simama mguu pande, mbele ya afisa mguu sawa, na mtazame usoni anapoongea nawe. Vilevile tumefundishwa kwamba kujisifu ni aibu. Kutaja kazi uliyoifanya, na tarehe yake, si kujisifu. Ni taarifa, na kiongozi wako anaihitaji. Nilihitaji miezi mingi kulikubali hilo, na wenzangu kutoka kwetu ninaowaona wakikwama, wengi wanakwama hapo, wala si kwenye mbio au risasi.

Tukija kwenye pointi: kwa usajini, cheo kinashindaniwa kwa pointi, kilele kikiwa 800, na kila MOS, yaani fani uliyopewa, ina kiwango chake kinachotangazwa kila mwezi. Mpishi na fundi wa helikopta hawashindani. Fani yenye sajini wengi hupanda polepole hata ukiwa hodari.

Shabaha ndiyo sehemu ninayoipenda kuielekeza, kwa sababu asubuhi moja inaweza kukupa pointi ambazo darasani ungezitafuta mwaka mzima. Mtihani wa bunduki ya M4 una shabaha 40, kuanzia mita 50 hadi 300, katika mikao minne: kulala bila kuegemea, kulala kwa kuegemea, kupiga goti, kusimama kando ya kizuizi. Magazini 4, risasi 10 kila moja. Alama 23 hadi 29 ni Marksman, 30 hadi 35 Sharpshooter, 36 hadi 40 Expert. Beji ya 36 na ya 40 ni moja, lakini pointi zinahesabiwa kwa idadi ya shabaha ulizoangusha, kwa hiyo usiridhike na 36.

Makosa yanayorudiwa ni haya. Mtu anafyatua risasi ya pili kwa shabaha aliyoikosa. Magazini ina risasi 10 kwa shabaha 10, kwa hiyo ameiba risasi ya shabaha nyingine iliyokuwa rahisi. Ya mita 300 ukiikosa, iache iende. Pili, macho yanang'ang'ania mbali na ile ya mita 50 inasimama na kulala bila kuonekana. Tatu, bunduki ikikwama mtu anainua mkono kusubiri msaada. Kukwama ni juu yako, na saa haisimami. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, anaanza mtihani na bunduki ambayo haikurekebishwa vizuri kwenye mita 25. Kama risasi tano hazikai ndani ya duara la sentimeta 4, tatizo ni pumzi na kidole chako. Usiguse kifaa cha kulengea mpaka zikusanyike.

Mazoezi yake ni ya bure. Wiki mbili kabla, siku ambazo bunduki zimetolewa stoo, hakikisha chemba ni tupu, mwenzako naye aangalie, kisha lala mkao wa kulenga. Mwenzako aweke sarafu ya senti 10 juu ya mtutu, karibu na mdomo. Vuta kifyatulio taratibu mpaka nyundo ipige. Sarafu ikianguka, umevuta kwa ghafla. Mara 50 kwa siku bila sarafu kuanguka, katika mikao yote minne, pamoja na kubadilisha magazini bila kuangalia chini.

Mtihani wa mwili tangu Juni 2025 ni AFT (Army Fitness Test): kunyanyua chuma, pushapu za kuachia mikono, mbio za kuvuta na kubeba, plenki, na maili 2. Kila tukio lina pointi 100, jumla 500, na huwezi kushuka chini ya 60 kwenye tukio lolote. Fani za mapigano zinataka jumla ya 350. Sisi tunategemea maili mbili na kudharau chuma. Ni kosa: chuma na pushapu hupanda kwa wiki chache za mazoezi ya mpangilio, mara mbili kwa wiki, ukiongeza uzito kidogo kidogo. Mgongo ukiuma, nenda zahanati asubuhi hiyo hiyo. Wapo wanaoficha jeraha mpaka wanaanguka mtihani wenyewe, na kuanguka kunawekewa kizuizi kinachofunga kila upandishwaji cheo.

Masomo ya chuo cha kiraia yana pointi 2 kwa kila saa moja ya muhula, yaani kipimo cha masomo ya chuo cha Marekani. Mitihani ya CLEP, inayokupa saa za chuo bila kukaa darasani, ni bure kwa mwanajeshi mara ya kwanza ukipitia DANTES, mpango wa elimu kwa wanajeshi, na mtihani mmoja wa dakika 90 hivi unaweza kukupa saa 3 za muhula, yaani pointi 6. Matokeo ya chuo cha nyumbani yaliyotathminiwa yanaingia pia. Na Kiswahili chako usikiache nje! Omba mtihani wa lugha kupitia ofisi ya elimu ya kambi. Lugha ina pointi zake. Hata baada ya pointi ina faida: kamandi ya Jeshi la Nchi Kavu inayoshughulikia Afrika iko Vicenza, Italia, zoezi la kijeshi la Justified Accord hufanyika Kenya, na Walinzi wa Taifa wa Massachusetts wana ushirikiano rasmi na Kenya. Askari mwenye Kiswahili kilichothibitishwa kwenye rekodi huonekana majina yanapotafutwa.

Kabla ya bodi ya usajini, jitolee kwa bodi ya askari bora wa mwezi. Maswali yanafanana, na ukikosea huko hupotezi cheo. Sare nilipima kwa rula: utepe wa nishani inchi 1/8 juu ya mfuko wa kushoto, kibao cha jina katikati ya kifuniko cha mfuko wa kulia. Kisha mwenzako azunguke na utepe wa gundi kuondoa nyuzi, akianza na mgongo, mahali usipojiona. Ukiingia, unasimama mbele ya meza ya mwenyekiti, kwa kawaida sajini meja wa batalioni, unapiga saluti, unaripoti kwa sauti. Jibu kwa sentensi kamili na rudia swali ndani ya jibu. Kwa sisi wenye lafudhi, hilo linawapa wasikilizaji nafasi ya kukuzoea. Usikimbize maneno. Usilolijua, sema hulijui kwa sasa na utalitafuta, basi. Anayebuni jibu huulizwa swali la pili kuhusu jibu hilo hilo.

Bodi ikikupitisha, bado kuna BLC (Basic Leader Course), kozi ya uongozi ya siku 22. Bila hiyo huvai usajini hata pointi zikitosha. Nafasi hufunguka ghafla mtu akiumia au akipata kizuizi, na sajini wa mafunzo humpeleka yule ambaye karatasi zake zimekamilika siku hiyo. Weka faili tayari kabla hujaitwa: AFT ya karibuni, vipimo vya afya, vifaa vya orodha vyote kwenye begi.

Mwisho, IPPS-A, mfumo wa kompyuta wa rekodi za askari. Mfumo huo ndio unaozisoma pointi zako, na haujui chochote ambacho hakijaingizwa. Kila mwezi fungua rekodi yako, linganisha mstari kwa mstari na vyeti halisi, na ukikuta alama za shabaha za mwaka jana zimebaki, peleka karatasi ya uwanjani kwa karani wa S-1, ofisi ya rekodi za askari kikosini, wewe mwenyewe. Asili baki nayo, mwachie nakala, na andika kwenye daftari jina lake na tarehe uliyompa.