Nilivyoacha kuhesabu kila tendo kwa "mara"

Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou, China, nikijifunza Kichina, nilihesabu kila tendo kwa cì, neno lao la "mara". Nimekwenda cì mbili, nimesoma cì tatu, nimegonga mlango cì nne. Nilikuwa natafsiri "mara" yetu, na mara hubeba kila kitu.

Siku moja nilimfanyia ukalimani mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye mzigo wake ulikuwa umekwama ghalani. Siku tatu mfululizo alikuwa akienda na kurudi mikono mitupu. Nikamwambia mwenye ghala: "Tā láile sān cì," yaani amekuja mara tatu. Akaitikia kwa kichwa, macho kwenye simu. Dada wa Kichina niliyefanya naye kazi akadakia: "Tā pǎole sān tàng!" Yaleyale, ila kwa tàng badala ya cì. Mzee akaweka simu chini, akatuvutia viti.

Jioni nikamuuliza dada yule tofauti. Akanionyesha kwa kidole mezani: tàng ni kwenda na kurudi, njia nzima pamoja na uchovu wake. Nikawakumbuka madereva wa malori ya mchanga kwetu. Hawasemi wamepeleka mchanga mara tatu, husema tripu tatu. Kumbe kipimo, yaani neno la kuhesabia tendo, ninacho tangu nyumbani!

Kuanzia hapo nikafuta "mara" kwenye daftari, nikawa natafutia kila kipimo tendo ninalolijua. Biàn ilinipa taabu zaidi. Hiyo huhesabu jambo lililofanywa tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana Mchina anaweza kusema: "Zhè běn shū wǒ kànle sān cì, yí biàn yě méi kànwán." Kitabu amekishika mara tatu, hajakimaliza hata mara moja. Nilipokumbuka madrasa ikaniingia: kufungua msahafu mara kumi si kuhitimu mara kumi.

Dùn sikuisahau tangu siku ya kwanza. Huhesabu mlo, lakini pia kukaripiwa na kupigwa: chī yí dùn (kula), mà yí dùn (kukaripia), dǎ yí dùn (kupiga). Nani kwetu hajawahi kula fimbo? Xià ni ya pigo moja fupi, kama kugonga mlango, ila katika děng yíxià hakuna kinachohesabiwa. Ni "subiri kidogo" ya kiungwana.

Mpangilio nao ulinisumbua. Wachina husema kànle liǎng cì diànyǐng, "nimetazama mara mbili filamu": hesabu kwanza, filamu baadaye. Lakini mtu akitajwa kwa kiwakilishi, hutangulia hesabu: zhǎoguo tā liǎng cì, "nimemtafuta yeye mara mbili". Mimi nikashikilia "nilimtafuta mara mbili": -m- yetu imeshakaa ndani ya kitenzi kabla hesabu haijafika.

Daftarini sasa tàng ina picha ya lori, biàn msahafu uliofungwa, dùn sahani, xià ngumi mlangoni. Huí, kipimo kingine, haina picha. Kwenye mazungumzo hutumika karibu sawa na cì, basi nimeziandika mstari mmoja.