Anwani Iliyochapwa Chini ya Barua

Mwezi Aprili 1926, Hugo Gernsback alianza kutoa mjini New York gazeti la Amazing Stories, la kwanza kwa lugha ya Kiingereza kujishughulisha na hadithi za kisayansi peke yake. Toleo lile la kwanza lilijaa marudio ya kazi ambazo wasomaji wengi walikwisha kuzisikia, kwa hiyo kwa upande wa fasihi halikuleta jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuja baadaye, kupitia kurasa za barua za wasomaji, kwa sababu mhariri hakuishia kuchapa jina la aliyeandika bali aliweka na anwani yake kamili. Kijana aliyekuwa akizisoma hadithi hizo peke yake, huku watu wa nyumbani wakimwona anapoteza muda, aligundua kwamba mwenye kiu kama yake yupo mtaa wa pili au jimbo la jirani, na kwamba angeweza kumwandikia moja kwa moja. Ninaamini kwa dhati kwamba jumuiya ya mashabiki wa hadithi za kisayansi, pamoja na makongamano yake, tuzo zake na ugomvi wake, imetokana na anwani hizo kuliko ilivyotokana na hadithi zenyewe.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1930 klabu moja ya wasomaji walioandikiana barua ilitoa The Comet, ambalo huhesabiwa kuwa jarida la kwanza la mashabiki. Mwaka 1934 Gernsback, ambaye wakati huo alikuwa na gazeti jingine, alianzisha Science Fiction League, chama ambacho wasomaji wa mji wowote waliweza kukifungulia tawi. Tawi la Los Angeles lilibadili jina, likaishi muda mrefu kuliko chama mama, na mpaka leo wanachama wake hukutana kila wiki. Mashabiki wa Leeds, Uingereza, nao waliandaa mkutano tarehe 3 Januari 1937 uliohudhuriwa na watu wachache tu, mmoja wao akiwa Arthur C. Clarke, mwandishi mashuhuri wa baadaye, wakati huo kijana wa miaka 19.

Kinachonivutia zaidi katika miaka ile ni kazi ya mikono. Jarida la mashabiki lilichapwa kwa stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, ambayo ilitiwa kwenye taipureta bila utepe wa wino ili herufi za chuma ziikwangue nta hiyo. Aliyegonga herufi ya "o" kwa nguvu kupita kiasi alikitoboa kiduara chote, na kwenye kila nakala pakatokea doa jeusi. Kosa lilifutwa kwa dawa iliyopakwa kwa kijiburashi, ikapulizwa mpaka ikauke, ndipo herufi sahihi igongwe juu yake. Michoro ilichorwa kwa kalamu ya ncha ya chuma, pole pole, kwani mkono ukiteleza ukurasa mzima umeharibika. Kisha stensili ilivishwa kwenye silinda ya mashine ya kurudufu, mpini ukazungushwa, na kurasa zikatoka zikiwa na unyevunyevu wa wino. Mwishoni zilipangwa mezani kwa mafungu, na waliokuwapo wakaizunguka meza wakiokota karatasi mojamoja mpaka jarida likamilike. Jarida hilo aghalabu halikuuzwa kwa maana ya kawaida. Msomaji aliyeandika barua ya maoni alitumiwa toleo lililofuata. Mwenye jarida lake alibadilishana nalo. Aliyenyamaza jina lake lilikatwa kwenye orodha.

Utaratibu huo ulifikia ukamilifu wake katika FAPA, chama cha uchapishaji cha mashabiki kilichoanzishwa mwaka 1937 kwa juhudi za Donald Wollheim. Kila mwanachama alichapa nakala za kuwatosha wenzake wote, akazituma kwa mhariri mmoja, naye akaziunganisha na kumrudishia kila mmoja furushi lake mara nne kwa mwaka. Ndani ya furushi mlikuwa na maoni juu ya furushi lililotangulia, na maoni juu ya maoni, kiasi kwamba hoja moja iliweza kuchukua mwaka mzima kabla ya wahusika kuridhika. Mwanachama asiyetimiza idadi ya kurasa iliyowekwa alipoteza nafasi yake. Sheria hiyo naiona ya haki, na ndiyo inayonipa tafsiri yangu ya shabiki kindakindaki: ni mtu anayejibu. Wapo wanaohifadhi kichwani majina ya kila chombo cha anga na kila sayari ya kubuni, nami nawaheshimu, lakini jumuiya haijengwi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja.

Haijengwi pia kwa kufunga mlango, na kwa bahati mbaya mashabiki walilifanya hilo mapema mno. Kongamano la kwanza la dunia lilifanyika New York tarehe 2 hadi 4 Julai 1939, likihudhuriwa na watu wapatao mia mbili. Waandaaji, wakiongozwa na Sam Moskowitz, walikuwa na uhasama wa muda mrefu na kundi la Futurians, ambalo wanachama wake kadhaa walitaka ushabiki uchukue msimamo wa kisiasa wa mrengo wa kushoto. Ilipogunduliwa kwamba kuna vijitabu vya kuwaonya wahudhuriaji dhidi ya udikteta wa waandaaji, watu sita wa kundi hilo walizuiwa kuingia ukumbini, wakiwamo Wollheim, Frederik Pohl na Cyril Kornbluth. Isaac Asimov, aliyekuwa wa kundi lilo hilo, aliingia bila kuzuiwa. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na bado naona uamuzi ule ulikuwa aibu: vijana waliokuwa wakiota kuhusu karne zijazo walishindwa kuvumilia karatasi chache zenye maneno makali. Historia iliwapendelea waliofungiwa nje, kwani Pohl na Wollheim walikuja kuwa miongoni mwa wahariri wakubwa wa fani hii. Katika kongamano hilo hilo, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walitembea wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo, na aliyeyashona ni Myrtle. Jina lake lastahili kutajwa kila mara desturi ya kuvaa mavazi ya wahusika inapozungumzwa, na mara nyingi husahaulika.

Vita vilisimamisha kongamano kuanzia mwaka 1942 hadi 1945. Lilirejea mwaka 1946, na mwaka 1953 huko Philadelphia zikatolewa kwa mara ya kwanza tuzo za Hugo kwa kazi bora za fani hii, ambazo washindi wake huchaguliwa kwa kura za wanachama wa kongamano wenyewe.

Kwangu, hata hivyo, jambo zuri kuliko yote waliyoyabuni mashabiki ni mfuko wa nauli. Walt Willis wa Belfast alikuwa akitoa jarida lililopendwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, lakini nauli ya kwenda Marekani ilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Mashabiki wa Marekani wakachanga, na mwaka 1952 akahudhuria kongamano la Chicago. Mwaka uliofuata wazo hilo likageuzwa kuwa mfuko wa kudumu, TAFF, ambao upo hadi leo. Wagombea hupendekezwa na mashabiki wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini. Kila anayepiga kura hutoa mchango mdogo. Mshindi husafirishwa kuvuka Atlantiki, zamu moja kuelekea magharibi na zamu nyingine kuelekea mashariki. Akirudi, anatarajiwa kuandika taarifa ya safari yake, na kisha yeye ndiye huusimamia mfuko na kukusanya fedha za kumpeleka anayemfuata. Aliyebebwa jana anakuwa mbebaji leo, na hakuna mfadhili tajiri anayehitajika katikati.

Kizazi kilichofuata kilikuja kupitia televisheni. Star Trek ilipokaribia kukatishwa mwishoni mwa 1967, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua, na tarehe 1 Machi 1968 kituo cha NBC kilitangaza hewani, mara baada ya kipindi, kwamba mfululizo huo ungeendelea. Wanawake walikuwa nguzo ya ushabiki huo: waliandika, walichapa, walisambaza majarida na kuandaa makongamano, ingawa baadhi ya mashabiki wa zamani wa vitabu waliwatazama kama wageni waliopotea njia. Dharau hiyo haikuwa na msingi wowote. Kazi waliyoifanya ilikuwa ile ile ya stensili na bahasha.

Na kazi hiyo haijabadilika sana ilipohamia kwenye intaneti. Hifadhi ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki, huendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Mwandishi huruhusiwa kuipa hadithi yake lebo kwa maneno yoyote anayopenda. Mmoja ataandika jina la mhusika kwa ukamilifu, mwingine kwa kifupi, wa tatu atalikosea. Nyuma ya pazia kuna watu wanaozipitia lebo hizo na kuziunganisha zenye maana moja, ili anayetafuta kwa neno lolote kati ya hayo azipate hadithi zote. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, na nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu yake akiitwa jukwaani.

Mlango uliobaki kufungwa leo ni wa visa na nauli. Kongamano la dunia limekwisha kufanyika Yokohama, Helsinki na Chengdu, lakini halijafanyika hata mara moja barani Afrika wala Amerika ya Kusini, ilhali African Speculative Fiction Society, chama cha Waafrika wa hadithi za kisayansi na za kubuni, kipo tangu 2016 na wanachama wake hupigia kura tuzo zao za Nommo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulilazimisha kongamano lililopangwa kufanyika New Zealand liendeshwe lote kwa njia ya mtandao, na hapo ikathibitika kwamba linawezekana. Waandaaji wanaolalamika kwamba kuendesha vikao vya mtandaoni sambamba na vya ukumbini ni gharama na ni kazi ya ziada wanasema kweli. Lakini gharama hiyo ndiyo nauli ya shabiki aliyenyimwa visa, na jumuiya iliyoweza kuchanga ili mtu mmoja wa Belfast avuke bahari inaweza kuichanga.