Shangazi yangu wa Nkuhungu ndo alinirudisha kwenye msuli wa kusoma

Kila nikisikia mtu anamwambia mwanafunzi wa chuo "acha uvivu, jitume tu" napandwa na hasira. Niliambiwa hivyohivyo mwaka wa pili nilipokula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli, takwimu na kalkulasi (calculus). Mwingine akanitumia video za motivesheni, bando likaishia huko, usiku najiona simba asubuhi nikifungua notsi macho yanafunga.

Nikajaribu ratiba. Nilinunua manila na peni za rangi, elfu tatu nne hivi, nikabandika juu ya kitanda: kuamka saa kumi, kalkulasi mpaka kumi na mbili, takwimu jioni. Na mnaijua Dodoma mwezi wa saba, upepo unapiga na baridi ya alfajiri inauma, lakini niliamka siku nne mfululizo nikakaa kimbwetani, zile meza za nje za kusomea, na blanketi mabegani, nasoma madesa ya waliotutangulia, maswali yameshasolviwa, natikisa kichwa nimeelewa. Siku ya tano nikachukua karatasi tupu nifanye swali lilelile bila kuchungulia. Sikuweza hata mstari wa kwanza. Niliumia sana, maana muda nilikuwa naupata, ila sikuwa na sababu ya kutaka kujua kile kitu.

Wiki hiyo nikaenda kwa shangazi Nkuhungu, hukuhuku Dodoma mjini, ana vyumba vitatu vya kupangisha. Tunakula ugali wa uwele na mlenda akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasomea hesabu, hebu niambie hawa watu wanaohamia Dodoma wataendelea kuja? Nijenge chumba cha nne au nitulie?"

Nikamwambia shangazi nipe dakika kumi. Nikatafuta matokeo ya sensa kwenye simu: mwaka 2012 Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588, mwaka 2022 wakawa 3,085,625. Nikagawanya ya 2022 kwa ya 2012, nikabonyeza ln (logi asilia) kwenye kalkuleta, nikagawa kwa miaka 10, ikaja kama asilimia 3.9 kwa mwaka. Nchi nzima ni 3.2. Nikaendelea, ln ya 2 gawa kwa hiyo kasi, nikamwambia shangazi mwendo ukibaki huuhuu karibu miaka 18 watu watakuwa mara mbili. Akaacha kula. "Basi najenga."

Ile fomula ilikuwa kwenye notsi zangu semista nzima!! Usiku ule nilirudia hesabu mpaka saa saba, hakuna aliyenisukuma.

Tangu hapo kila topiki naitafutia swali la mtu. Tulipofika rigresheni, kupima kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika, nikawauliza wenzangu kama thelathini wanalipa kodi shilingi ngapi na wanatembea dakika ngapi mpaka chuo, nikachora nukta. Kodi inashuka kadiri unavyokaa mbali, isipokuwa nukta moja iko juu peke yake, nikamfuata mwenyewe, kumbe chumba chake kina choo ndani na maji hayakatiki. Sitasahau maana ya outlaya mpaka nazeeka. Nikampelekea lekchara ule mchoro nikiogopa, akakaa na mimi nusu saa ananionyesha nilipokosea. Kuanzia wiki ile nakaa mbele, simu kwenye begi. Nyie malekchara mnaosoma slaidi tu, nusu saa kama ile kwa mwanafunzi mmoja ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Na grupu, lakini la watu wanne tu, tukizidi inakuwa stori. Kila mtu anafundisha topiki yake bila kushika desa, akikwama anaachwa ahangaike kwanza ndo asaidiwe. Aliyechelewa ananunua karanga. Usisome na mtu anayekuambia "hii haitoki" kila saa, huyo mkimbie.

Sapu zote mbili nilitoka, C na C, chuoni kwetu sapu haikupi zaidi ya hapo. Semista iliyofuata rigresheni nikapata B+.

Chumba cha nne kimefika kwenye renta. Jana shangazi kanipigia, anataka nikamtolee hesabu ya bati kabla fundi hajamtajia bei. Jumamosi naenda na futi.